Mwambie Picha Imepinda

Mshauri mpendwa wa ukurasa huu,

Nakuandikia kuomba msaada, na kabla hujanihukumu naomba ujue kwamba kuomba msaada si tabia yangu: mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, ni msemaji wa umoja wa wanafunzi, nimewahi kusimama mbele ya ukumbi uliofurika nikamfanya naibu mkuu wa chuo ajibu maswali aliyoyakimbia muhula mzima, lakini wanaume wawili wa damu yangu, mmoja akiwa na msasa mkononi na mwingine akiwa na bisibisi, wamenishinda, wamenishinda ndani ya chumba chenye upana wa hatua saba, na sasa nimebakiwa na Jumamosi mbili tu.

Chumba chenyewe ni cha mbele katika nyumba anayoishi bibi yangu mzaa baba, na zamani kilikuwa ukumbi wa gemu wa wanawe wawili wa kiume, baba yangu ambaye ndiye mkubwa na ni seremala, na baba mdogo ambaye ni fundi wa televisheni na redio. Zilikuwamo mashine tano, nne zimekwisha kuondoka na kuacha alama za mraba kwenye sakafu ya saruji, na iliyobaki ni moja, ile ya kusimama, ndefu kunishinda mimi, kabati la mbao lililobeba televisheni ya zamani tumboni mwake, lenye mpini mmoja na vitufe vitatu, na mchezo wake ni wa kijindege kinachopita katikati ya korongo bila kugusa kingo. Baba alikuwa bingwa wa korongo hilo. Nasikia watu walikuwa wakiacha mashine zao na kuja kusimama nyuma yake kumtazama, na bamdogo ndiye aliyekuwa akiwasukuma kidogo ili kaka yake apate hewa.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, siku tatu ambazo baba alikuwa hospitali na mama aliyekuwa akijifungua mdogo wangu, bamdogo aliitoa bodi ya mchezo ule, yaani ule ubao wa umeme ambao ndio ubongo wa mashine, akaweka bodi ya mchezo wa kandanda, kwa sababu vijana wa mtaa walikuwa wamelichoka korongo na walitaka mpira. Baba alirudi, akaona, hakuuliza hata swali moja. Aliufunga mlango wa nyuma wa mashine kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akaondoka, na kandanda ikafia humo ndani. Tangu siku hiyo hawajasemezana. Baba amekuwa akituambia nyumbani kwamba mdogo wake aliitupa bodi ya zamani jalalani kama ganda la ndizi, na bamdogo hajawahi kukanusha wala kukubali, na bibi yangu amekuwa akitembelewa na baba kila Jumamosi na bamdogo kila Jumapili, kwa ratiba isiyoandikwa popote ila inayoheshimiwa kuliko katiba ya umoja wetu. Bibi husema, "Nilizaa wavulana wawili, nimeishia kuwa na wageni wawili."

Sasa sikiliza nilivyojiingiza. Mwanzoni mwa likizo nilikwenda karakana ya bamdogo nikiwa na redio iliyokataa kuwaka, nikafungua droo kutafuta betri, nikakuta kitu kimefungwa ndani ya shati kuukuu lililokunjwa vizuri, nikakifungua, ilikuwa bodi ile, imepigwa brashi, haina hata vumbi. Bamdogo hakuinua macho, alisema tu, "Irudishe ulipoitoa." Nikairudisha, lakini moyo wangu haukurudi pamoja nayo, kwa sababu nilielewa papo hapo kwamba mmoja ana kabati na ufunguo, mwingine ana bodi, na kwa miaka kumi na mmoja kila mmoja ameshikilia nusu isiyomfaa kitu, na kwamba bibi anahamia kwa shangazi mwisho wa mwezi huu kwa sababu magoti yake yamezikataa ngazi za mlangoni, nyumba inarudi kwa mwenyewe, na baada ya hapo hakutakuwa tena na chumba chochote hapa duniani ambacho wanaume hawa wote wawili wana haki ya kuingia bila kubisha hodi.

Kwa hiyo nilisema uongo. Nauandika hapa kwa mara ya kwanza. Nilimwendea baba nikamwambia kwamba bamdogo amekiri kosa lake na anamwomba aje na ufunguo ili waifufue mashine kabla bibi hajahama. Kisha nikamwendea bamdogo nikamwambia kwamba baba amekiri kuwa hasira zake zilipita kiasi na anamwomba aje na bodi. Mimi, mshauri, mimi niliyesimama mbele ya mkutano mkuu nikamwita katibu wetu mnafiki kwa sababu alituambia sisi hili na akauambia uongozi wa chuo lile, nilifanya jambo lile lile kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, na nikajipongeza kwa ujasiri wa kidiplomasia.

Walikuja. Hilo siwezi kulikana. Jumamosi ya kwanza baba alikuja na ufunguo kwenye uzi mpya, akaufungua mlango wa nyuma na kufuli likaachia mara moja bila hata kulia, na bamdogo akaingia na bodi ndani ya shati lake, akasimama mlangoni na kusema, "Hamjambo humu," yaani aliisalimia nyumba, aliwasalimia kuta na sakafu, lakini shikamoo anayostahili kaka mkubwa haikutoka. Baba alimjibu kwa kuanza kupima mbao. Nilidhani ni aibu ya siku ya kwanza. Sasa zimepita Jumamosi tisa. Mbao zilizoliwa na unyevu zimebadilishwa, pembe zimetiwa gundi na kubanwa, waya zilizooza zimelehemiwa upya, vitufe vinabonyea vizuri, na katika Jumamosi hizo tisa hakuna neno hata moja lililotoka kinywani mwa mmoja kwenda sikioni mwa mwingine bila kupitia kwangu. "Mwambie baba yako anipishe." "Mwambie bamdogo wako asiweke lehemu ya moto juu ya mbao yangu." Wametengana hatua moja tu, mshauri. Wanasikiana wakipumua.

Jumamosi ya nne uvumilivu ulinikatika, nikaandaa ajenda, nikaiandika kwa kalamu nyekundu na kuibandika ubavuni mwa mashine, chimbuko la mgogoro, madhara yake kwa kizazi kijacho, mapendekezo, nikahutubia kwa dakika arobaini juu ya ndugu wanaoruhusu kifaa kiwe na thamani kuliko damu. Nilipomaliza, bamdogo akasema, "Mwambie kaka yangu kwamba binti yake amesoma kweli." Na baba, bila kugeuka, akasema, "Mwambie mdomo huo si wa shuleni, ameurithi kwa mama yake." Kisha wakaendelea na kazi, na karatasi yangu ikatumiwa kufutia gundi.

Jambo linalonifanya nikuandikie ni la wiki tatu hizi. Mashine iliwashwa, ikawaka, korongo likaonekana, bibi akapiga makofi, lakini picha imepinda: imelala upande na imevutika kama shuka iliyoanikwa vibaya. Vinobu vya kuinyoosha viko nyuma ya skrini, na fundi lazima avizungushe mashine ikiwa inawaka, tena kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anauweka mfukoni ili umeme ukimpiga usipite kifuani. Aliye nyuma haoni picha. Kwenye karakana yake, anapofanya kazi peke yake, bamdogo huegemeza kioo cha kujitazamia kwenye kiti mbele ya skrini, akachungulia kwa pembeni, akamaliza kwa dakika tano. Hapa kwa bibi amekisahau hicho kioo Jumamosi tatu mfululizo. Basi mimi ndiye ninayesimama mbele, na mimi sijui picha nyofu inavyokuwa, kwa kuwa nilikuwa na miaka kumi mashine ilipofungwa. Anayejua ni baba, aliyekaa nyuma yangu akipiga msasa ubao mmoja wa ubavuni mwa mashine. Husema, "Mwambie ardhi imepanda kushoto." Nasema, "Bamdogo, ardhi imepanda kushoto." Bamdogo husema, "Muulize ni kushoto kwake au kushoto kwangu." Namuuliza. Baba hufikiri, hupuliza vumbi la mbao, hujibu, na wakati jibu linafika nyuma bamdogo amekwisha kugusa kinobu kingine, korongo limejikunja upya, nami nimesimama katikati nikiwa nimekauka koo. Jumamosi iliyopita tulifanya hivyo kwa saa mbili na nusu. Picha sasa imepinda kuliko tulipoanza.

Nimeamua kulimaliza tatizo hili kisayansi: bibi ana kioo kikubwa chumbani kwake, kando ya kitanda, nami Jumamosi hii nitakileta mbele ya skrini ili bamdogo ajionee mwenyewe. Nimemwomba bibi mara mbili na mara zote mbili amekataa bila kutoa sababu, lakini nitamshawishi. Kinachonitesa ni lile jingine. Kila mmoja wao anangoja, naona wazi kwamba anangoja, kwa sababu kila mmoja anaamini kuwa mwenzake ndiye aliyemwita na kukiri kosa, kwa hiyo ndiye anayepaswa kufungua mdomo kwanza. Nikisema ukweli wataondoka wote wawili, mmoja kwa mlango wa mbele na mwingine kwa wa jikoni, na nitakuwa nimeivunja siku ya mwisho ya bibi katika nyumba yake. Nisiposema, watangoja hadi lori la kuhamisha vitu litakapofika. Nifanye nini? Naomba unijibu kabla ya Jumamosi, na tafadhali usiniambie niwe na subira.

Wako,
Msemaji Aliyeishiwa Maneno

*

Msemaji,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi mwenzangu wa meza ya pili akauliza kulikoni, na mara ya pili niliacha kucheka. Sikuambii uwe na subira. Nakuambia unyamaze, na hilo litakuwa gumu zaidi kwako.

Kwanza ule uongo. Ulikosea, na hapana, haukuwa ujasiri wa kidiplomasia. Uliwapelekea watu wazima wawili radhi ambazo hakuna aliyeziomba, na radhi ni kitu ambacho hakuna mtu mwingine awezaye kukiomba kwa niaba yako, hata kama ana shahada tatu. Tena umeona mwenyewe ulivyokula njama dhidi yako: uongo wako umewapa wote wawili haki ya kungoja. Ukimaliza mambo ya nyumbani urudi kwa yule katibu wenu. Sikutumi ukamwombe msamaha, huenda kweli alistahili kusemwa. Nakutuma ukamwambie kwamba sasa unajua jinsi ilivyo rahisi.

Baada ya kukukaripia, niruhusu nikupe pole, kwa sababu Jumamosi tisa za "mwambie" zingemtoa machozi hata jiwe, nawe hukuzikimbia. Unampenda bibi yako. Hilo limeandikwa kila mstari.

Lakini wewe, binti mwenye macho makali, unayeweza kuona hila katika taarifa ya kurasa thelathini ya uongozi wa chuo, umeniandikia barua ndefu na hukuisoma. Kufuli lililokaa miaka kumi na mmoja kwenye chumba chenye unyevu wa kula mbao liliachia mara moja bila kulia. Ufunguo wenyewe ulikuwa kwenye uzi mpya. Baba yako huwa anakwenda kwa mama yake kila Jumamosi. Nani alikuwa akilitia mafuta kufuli hilo, na kwa nini, ikiwa bodi iliishia jalalani? Na bodi yenyewe ilikuwa imepigwa brashi na kufungwa kwenye shati. Binti yangu, mtu hapigi brashi kitu alichokiacha. Na ubao wa ubavuni: kwa maneno yako mwenyewe mbao mbovu zimekwisha kubadilishwa na pembe kutiwa gundi, lakini ubao huo baba yako anaupiga msasa kwa wiki ya tatu sasa. Seremala huyo anatafuta nini katika ubao uliokwisha kuwa laini?

Halafu kioo. Fundi aliyefanya kazi peke yake miaka yote hiyo, ambaye kioo kwake ni kama bisibisi, hakisahau Jumamosi tatu mfululizo. Anaweza kukisahau mara moja. Mara ya pili angemtuma mtu. Bamdogo wako ameingia nyuma ya mashine, mkono mmoja mfukoni, haoni kitu, na mbele ya mashine ameketi mtu mmoja pekee duniani anayejua korongo lile lilivyokuwa limenyooka. Ameliacha jambo hilo wazi kwa makusudi, wiki baada ya wiki, na kila wiki wewe unakwenda kusimama pale pale penye mwanya na kuuziba. Na sasa unataka kuleta kioo ili uuzibe kabisa. Unadhani bibi yako alikukatalia mara mbili kwa sababu ya uchoyo? Ameona kabla yako na kabla yangu, na ana adabu ya kutokutangaza.

Sitaki uwaambie haya niliyokuandikia. Usiwaonyeshe kwamba unajua habari ya mafuta wala ya kioo. Mtu akigunduliwa katika wema wake huona haya akaukana, na hawa wawili naona wana haya nyingi kuliko hasira.

Fanya hivi. Jumamosi hii ungoje hadi mashine imewashwa, bamdogo yuko nyuma na baba yuko mbele na ubao wake. Simama mahali ambapo wote wawili wanakusikia, useme maneno machache, uyapange leo na usiongeze hata kiunganishi: "Baba, bamdogo hakukuomba uje. Bamdogo, baba hakukuomba uje. Niliwadanganya nyote wawili, naomba mnisamehe." Hapo umekwisha. Usieleze chimbuko. Usitaje kizazi kijacho. Kila mmoja atajua kwamba mwenzake hakulazimishwa na radhi yoyote, alikuja kwa miguu yake mwenyewe akaja tena mara nane, na hakuna hata mmoja atakayebaki na sababu ya kudai kwamba mwingine ndiye mwenye zamu ya kuanza.

Kisha toka. Umeniuliza kama wataondoka. Sina uhakika, na anayekuambia ana uhakika katika mambo ya ndugu anakuuzia kitu. Lakini mmoja ana skrini inayowaka mbele yake na imepinda, na mwingine ana mkono ndani ya mashine. Mafundi hawaondoki kirahisi hivyo. Mwache bibi kwenye kiti chake, yeye ana kazi yake humo na anaijua. Wewe shuka ngazi, kaa kwenye ngazi ya mwisho, na usichungulie dirishani. Kioo kibaki kando ya kitanda.

Utakaa kimya kwa muda utakaokuumiza. Huenda ukasikia msasa tu. Huenda ukasikia bibi akikohoa. Na ukisikia sauti ya baba yako ikisema kushoto, na sauti ya bamdogo wako ikiuliza kushoto kwa nani, na sauti zote mbili zikaanza kupanda, zikabishana kwa ukali juu ya kushoto na kulia hadi majirani wakatoka kutazama, basi nakusihi, Msemaji, kwa yote unayoyapigania: usiingie kuwapatanisha.